Mililita Arobaini

Kituo cha Pampu
4 Machi

Mke wangu,

Nimefika salama. Lori la mafuta lilitumia saa saba kwa safari ya saa nne, na sasa naelewa kwa nini dereva wake anaitwa Kobe. Mwenyewe anajitetea kwamba hajawahi kusikia kobe aliyepata ajali. Huku simu haishiki hata ukipanda juu ya tangi, kwa hiyo Kobe ndiye posta yetu. Kila Jumatano na Jumamosi anashusha dizeli, anakunywa chai, anageuza. Ukimpa barua asubuhi, jioni ninayo.

Najua ulitaka nibaki. Likizo yangu yote iliishia kwenye lile benchi la wodi ya watoto njiti, siku arobaini na tisa, na mwenzangu wa zamu ameshaondoka kwenda likizo yake. Nipo peke yangu na pampu mbili hadi tarehe 1 Aprili.

Karatasi niliyoipigia mistari nimeiacha ukutani hapo nyumbani, juu ya meza ya chupa. Safu ya kwanza ni saa, ya pili maziwa uliyoyaweka, ya tatu yaliyobaki, ya nne nepi. Milo minane kwa siku, maziwa yako uliyoyakamua, mililita arobaini kila mlo. Nesi mkuu ndiye aliyenipa namba hiyo siku tunatoka, wewe ulipokuwa unafunga mizigo. Tarehe 25 binti yetu anapimwa. Alitoka na kilo mbili kamili. Asipofika kilo mbili na gramu mia nne wanaweza kumrudisha kwenye mrija wa puani.

Kwa hiyo chupa ikibaki na maziwa, hesabu kwamba mlo haujaisha. Mguse nyayo aamke, amalizie. Jaza karatasi kama sisi tunavyojaza daftari la kituo, bila kuacha nafasi tupu, na kila wiki nitumie nakala.

Msalimu Mama. Mwambie Mgeni kwamba baba yake anasoma geji nane kila saa, lakini geji anayoitaka haipo hapa.

Ni mimi,
Baba Mgeni


Nyumbani
11 Machi

Baba Mgeni,

Barua nimeipata na nakala ya wiki hii hii hapa. Kama utakavyoona, arobaini imeshuka yote, na safu ya yaliyobaki ni sifuri.

Mgeni hajambo. Bibi yake bado anamtania kwa hilo jina tulilompa kwa kuja wiki kumi kabla ya siku aliyotarajiwa. Jana alimwambia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe una siku hamsini na nane na hata nepi unabadilishiwa!" Mtoto akamkunjia uso kama karani aliyeulizwa swali saa ya kufunga ofisi.

Mimi niko salama. Nafua sana. Kamba ya nje haikutosha, nimefunga ya pili. Cherehani bado nimeifunika, na mwenye sare za shule amekuja mara mbili akaondoka na kitambaa chake. Mama yako ananisaidia kwa kila kitu, ila wakati wa kulisha anapenda kutoka nje. Anasema ana kazi uani. Sijui ni kazi gani, uani pamefagiwa hadi pamekuwa kama sahani.

Nina swali dogo. Siku ile nesi alipokupa namba, hakusema kitu kingine? Kama hukumbuki, usijisumbue.

Mkeo,
Mama Mgeni


Kituo cha Pampu
11 Machi, jioni

Mke wangu,

Kobe anakunywa chai, naandika haraka. Nakala nimeibandika karibu na daftari la kituo. Milo hamsini na sita, sifuri hamsini na sita! Hata pampu mpya haifanyi kazi hivyo. Niliisoma nikacheka peke yangu mpaka Kobe akauliza kama ni moshi wa dizeli.

Nesi hakusema kingine cha maana. Namba ndiyo hiyo. Lakini kama anamaliza arobaini bila tabu, maana yake tumbo lina nafasi, na mtoto anayekua huongezewa. Kuanzia kesho weka arobaini na tano. Zimebaki wiki mbili tufike tarehe 25, kila mililita ina kazi.

Umempima? Mwenye duka la dawa hapo kona ana mizani. Nitumie uzito wiki ijayo.

Baba Mgeni


Nyumbani
18 Machi

Baba Mgeni,

Nakala hii hapa. Arobaini na tano, kama ulivyosema.

Mizani ya duka la dawa imeharibika. Tutasubiri ya hospitali.

Usiwe na wasiwasi. Fanya kazi yako.

Mama Mgeni


Kituo cha Pampu
18 Machi, jioni

Mke wangu,

Mlangoni hapa kuna maandishi ya rangi nyekundu ambayo nimeyapita kila siku kwa miaka tisa: SINDANO IKITULIA, GONGA KIOO. Maana yake ni kwamba sindano ya geji iliyo nzima hutikisika. Maji hayapiti bombani kwa kipimo kimoja asubuhi na jioni. Ukiona namba ileile imerudi mara nne, usifurahi. Gonga kioo, maana sindano imekwama na bomba linaweza kuwa tupu.

Leo nimeweka nakala zako mbili mezani, nikazisoma kama geji, si kama baba. Milo mia moja na kumi na mbili. Hakuna hata mmoja wenye thelathini na nane. Hakuna siku aliyopata usingizi akaacha kidogo, wala siku aliyocheua. Na wino ni mmoja tangu juu hadi chini, mwandiko umenyooka, kama mtu aliyeketi akaandika wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Mtu anayejaza karatasi huku amembeba mtoto hawezi kuandika hivyo. Halafu kamba mbili za nguo. Halafu mizani.

Nagonga kioo, mke wangu. Sikugombezi. Anakula kiasi gani?

Nijibu kwa mpanda lori yeyote, usingoje Kobe.

Baba Mgeni


Hospitali, kwenye benchi
21 Machi

Mwanangu,

Naandika kwa penseli na miwani ya mwenye kitanda cha jirani, kwa hiyo usicheke mwandiko. Barua yako ilifika mkeo akiwa hayupo kuipokea. Tumelazwa tangu Alhamisi, tarehe 19.

Nitakwambia moja kwa moja, maana najua hupendi kuzungushwa. Mlo wa saa tatu asubuhi, mtoto alikuwa amechoka hata kabla hajaanza. Mkeo akaingiza chupa. Mtoto akageuza uso, akakunja mgongo. Mkeo akaniita: "Mama, nishikie miguu." Siku nyingine nilikuwa nakimbilia uani, sikutaka kuona. Siku hiyo sikukimbia, nikashika. Nikamgusa nyayo kama ulivyoandika. Akanyonya, akanyonya, bila kupumzika kuvuta pumzi. Kisha akanyamaza na midomo ikawa ya bluu, rangi ya wino. Mkeo alimlaza ubavu na kumsugua mgongo mpaka akavuta pumzi. Mimi sikufanya kitu. Nilibaki nimeshika miguu.

Tulifika wodini na bodaboda, mimi nimekaa nyuma kama gunia. Anapumua. Wamemsafisha kifua, wamemwekea mrija puani, maziwa yanapita humo. Wanasema yaliingia kidogo njia ya hewa. Ana kilo moja na gramu mia tisa na sitini. Usome tena ili uamini: ametoka na kilo mbili, amerudi na pungufu.

Sasa na wewe nikuambie. Siri za mke wa mtu mimi sitoi, hata mtu akiwa mwanangu. Lakini ile karatasi yako ilikaa ukutani kama askari wa zamu. Mkeo alikuwa akiitazama kabla ya kumtazama mtoto. Jioni akijaza zile sifuri, kalamu ilikuwa inatembea na machozi yanatembea. Nilikaa kimya, nikidhani mambo yenu ni ya wenyewe. Kwa hilo nina kosa langu, na wewe una lako, litafute.

Usizime pampu ukakimbilia huku. Bomba la hospitali hii linatoka kwako. Nimeuliza.

Mama yako


Kituo cha Pampu
21 Machi, jioni

Mke wangu,

Nilishafungua mlango wa lori la Kobe, nikaweka mguu mmoja ndani. Akanitazama akasema, "Fundi, ukipanda nitakuendesha. Lakini kesho huko wodini watanawa mikono kwa maji gani?" Nikashuka. Nimepiga redio makao makuu, wanasema hakuna mtu kabla ya tarehe 1.

Mama ameniambia nitafute kosa langu. Sikuhitaji kwenda mbali, lipo chini ya mto wangu. Unajua kila siku naandika shajara. Tangu Jumatano nimekuwa nikiogopa kuifungua tarehe 2 Machi. Leo nimeifungua. Nanakili kama ilivyo:

"2 Machi. Tumeruhusiwa saa tano. Kilo 2.00. Nesi mkuu ameniita pembeni: mililita arobaini ni lengo, si amri. Watoto hawa bado hawajui kupanga kunyonya, kumeza na kupumua. Akigeuza uso au akichoka, mwacheni, msimlazimishe. Mrudisheni mapema akishindwa, si aibu. Mvua kidogo mchana."

Niliandika hata mvua. Kisha nikakaa nikapiga mistari ya karatasi yako, nikaichukua arobaini, na hayo mengine nikayaacha, kwa sababu karatasi haikuwa na safu ya maneno. Tarehe 11 uliponiuliza kama nesi alisema kingine, shajara ilikuwa umbali wa mkono. Sikuifungua. Nilikuwa na sifuri zako hamsini na sita, nilifurahi mno.

Miaka tisa nasukuma maji. Najua bomba jembamba ukilisukuma kwa nguvu hupasuka. Nilijua kwa bomba.

Niandikie hata kama ni matusi.

Baba Mgeni


Wodi ya njiti, kitanda cha tano
25 Machi

Baba Mgeni,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilitaka kuichana. Mara ya pili mama yako akaishika yeye, akaikalia.

Nilikuuliza. Sikukuuliza kwa kujifurahisha. Siku hiyo alikuwa amekunywa kumi na mbili, saa nzima, na nusu yake ilitokea puani. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia, "Inatosha, mwache alale." Ukaniambia ongeza tano.

Lakini na mimi nina langu, na ni zito kuliko lako, kwa hiyo nisikilize hadi mwisho.

Nilianza kudanganya siku ya kwanza ya karatasi. Mlo wa kwanza alikunywa kumi na nane. Nilipotaka kuandika kumi na nane nikaona macho yako kwenye ile mistari. Nikaandika kile nilichokiweka kwenye chupa, nikajiambia si uongo, nimekiweka kweli. Baada ya hapo ikawa rahisi. Kilichobaki nilimwaga kwenye beseni la nguo. Mizani ya duka la dawa ni nzima. Nilimpima tarehe 14, nikalipa, nikatoka na kichwa chini. Nilidhani ukijua utanihesabu mimi ndiye niliyeshindwa: tumbo langu lilishindwa kumweka miezi tisa, na sasa mkono umeshindwa chupa.

Sasa sikia. Siku tulipolazwa, nesi mkuu aliuliza, "Mlikuwa mnaandika anachokula?" Kabla sijafungua mdomo, mama yako akaitoa karatasi mkobani, maana aliing'oa ukutani tukitoka. Nesi akasoma. Akaita daktari. Wakasimama miguuni pa kitanda, wakaongea chini kwa chini. Daktari akasema, "Mtoto anayekula hivi na bado anapungua, tatizo si kula. Itakuwa tumbo halifyonzi, au moyo." Wakaanza kupanga. Maziwa yangu yasimamishwe, ajaribiwe mengine. Atobolewe mshipa wa mguu, damu mara tatu. Kesho yake apelekwe hospitali kubwa kupigwa picha ya moyo, kwenye gari, na kifua kile.

Na mimi nimekaa. Wamama wengine sita wananisikiliza. Mama yako ananitazama. Nesi ameshashika sindano na mguu wa mtoto, ule mguu wenye upana wa kidole changu gumba.

Nikasema, "Karatasi ni ya uongo."

Nesi akadhani sijaelewa. Akaniuliza, "Uongo upi, mama?"

"Wote. Hakuwahi kumaliza arobaini hata mara moja. Alikuwa anakunywa kumi na tano, ishirini. Nilikuwa namlazimisha na anapaliwa, na nilikuwa naandika arobaini ili baba yake asome."

Kisha mama wa kitanda cha pili akasema, "Afadhali wewe uliandika. Mimi nilimwambia mume wangu kwamba mtoto ameota jino." Wodi nzima ikacheka, hata daktari. Mimi ndipo nikalia. Nesi akaweka sindano chini. Karatasi akaikunja, akaitumbukiza kwenye pipa la taka.

Wanasema za mwizi ni arobaini. Mimi arobaini zangu niliziandika mwenyewe, mara hamsini na sita.

Leo ndiyo tarehe uliyoisubiri. Mrija bado upo. Nesi ananifundisha upya. Mtoto simlazi chali tena, namlaza ubavu mapajani, kichwa juu kidogo. Chupa naiinamisha kidogo tu. Amebadilisha hata chuchu ya chupa. Ile yetu, anasema, ilikuwa inamwaga kama bomba la mtaani. Ameze mara tatu, nishushe chupa, nimwache avute pumzi. Akikunja vidole au akigeuza uso, naacha, kinachobaki kinapita kwenye mrija. Lakini sasa anaogopa. Chupa ikikaribia mdomo anafumba midomo kabla haijamgusa. Jana nilikaa naye mara nane. Mara sita hakufungua kabisa. Nesi anasema mtoto akishaogopa chakula kinachukua muda, na wengine hukaa na mrija miezi. Hakuniahidi kitu. Nami nakuandikia kama alivyosema, bila kuongeza sukari.

Mama Mgeni


Kituo cha Pampu
25 Machi, jioni

Mke wangu,

Uliposema "karatasi ni ya uongo" ulifanya jambo ambalo mimi sijawahi kulifanya mbele ya mtu hata mmoja. Kituo hiki kina daftari la miaka tisa kwa mkono wangu, na si kila namba humo nimeiona kwa macho. Zipo za siku za homa. Sasa nimekwambia, unajua wewe na Kobe, maana anasoma begani kwangu.

Usiniandikie tena kwa mistari. Niandikie anavyokula. Kama hakula, andika hakula. Sitauliza ni kiasi gani.

Nafika tarehe 1. Nikifika nifundishe hiyo ya kumeza mara tatu.

Baba Mgeni


Wodi ya njiti, kitanda cha tano
28 Machi

Baba Mgeni,

Umesema hutauliza. Nakuandikia bila kuulizwa.

Alhamisi. Asubuhi hakufungua mdomo. Saa sita nilichovya kidole kwenye maziwa, nikamgusa mdomo wa chini tu, nikaondoa. Akaulamba. Sikufanya zaidi, ingawa mama yako alikuwa ananifinya mgongoni. Saa tisa, mililita nne, akageuza uso, nikaacha. Jioni, tisa.

Ijumaa. Kumi na moja. Sita. Hakutaka. Hakutaka. Kumi na saba, akalala chupa ikiwa mdomoni, pumzi shwari, vidole vimefunguka. Nilikuwa nimesahau jinsi vinavyokuwa vikifunguka. Nne. Mara mbili za mwisho sikujaribu, alikuwa amechoka, na mimi pia.

Leo Jumamosi. Kumi na tatu, akacheua kidogo. Kisha ishirini na mbili. Alipomaliza hizo ishirini na mbili aliitafuta chupa mwenyewe kwa mdomo, upande huu, upande ule. Mama yako alitoka nje. Hapa hakuna ua wa kufagia. Nilimkuta kwenye korido anawaambia wapita njia, wasiomjua wala kuuliza, "Mgeni wetu kaomba kuongezwa."

Mrija bado upo. Wanasema labda wiki mbili, labda zaidi. Mengi yanapitia humo. Ukifika tarehe 1 usishtuke ukiona plasta shavuni. Na ukipewa chupa, weka saa yako mfukoni.

Kuna jambo moja la mwisho, na nimelifikiria sana kama nikwambie, kwa sababu najua hutaliamini likitoka kwangu. Asubuhi hii wamempima. Alichoongeza ni namba ileile ya karatasi, yaani siwezi kuiandika bila kuona haya. Niligonga kioo cha mizani kwa kidole mara mbili. Wakamwondoa, wakamrudisha, ikarudi hiyohiyo. Kwa hiyo kalamu nimempa nesi mkuu, aandike kwa mkono wake hapa chini.

Mama Mgeni

*Baba wa kitanda cha tano. Mtoto ana kilo 2.11. Tangu juzi ameongezeka gramu arobaini. Mizani ni nzima. Mkeo nusura akivunje kioo chake kwa kukigonga. Hili nalo ni lengo lililofikiwa leo tu, si amri ya kesho. Safari hii iandike sentensi yote. — Nesi mkuu*